Kufunga Kitabu cha Déogratias

Mutarule, 3 Juni 1956, siku ya Mungu

Leo baada ya misa Generose, jirani yangu, amenipigia kelele mbele ya watu wote: "Mama Déo, utafunga kitabu lini?" Nilitamani kumurushia kiatu. Nilikuwa na kimoja tu kizuri, nikakihurumia.

Neno hilo lilitoka nyumbani mwangu, ndiyo maana linanichoma. Bwana yangu Rénovat ni karani wa mizani ku kituo cha pamba. Kila jioni akishaandika gunia la mwisho anasimama na kusema: "Haya, kitabu kimefungwa." Baada ya hapo hata ulete pamba ya kujaza kanisa, hapimi. Watu walicheka, halafu wakalichukua. Sasa kijiji kizima kinasema kikarani. Mutoto akishiba ugali, amefunga kitabu. Mulevi akinyimwa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, analia eti wamemufungia kitabu. Generose mwenyewe alipogombana na wifi yake alimurudishia vyungu vyake akasema kitabu cha yule kimefungwa. Na sasa wanataka nifunge cha mutoto wangu.

Déogratias alizama ku Ruzizi mwezi wa tatu, wakati wa mvua kubwa. Alikuwa anavuka kwenda ngambo kumuchukua muke wake Consolate, aliyekuwa ameenda kuuguza mama yake. Mutumbwi ulipinduka. Onesphore, mwenye mutumbwi, alitoka. Mutoto wangu hakutoka. Walimutafuta mpaka pale muto unapoingia ziwani, wakarudi mikono mitupu, na Consolate akavushwa na watu wa kwao kuja kukaa kilio kwetu. Ukoo wa Rénovat wakakata shina la mugomba, wakalivika shati lake la bluu, wakalizika. Ndiyo desturi yao kwa mutu ambaye maji yamekataa kumurudisha. Minye sikwenda. Siziki ndizi.

5 Juni

Dada yangu ametuma ndagala, dagaa za ziwani, kutoka Uvira, na muchanga wake wote. Nimelia nikizipepeta.

9 Juni

Shemeki yangu Hatungimana amekuja. Yeye ni mukubwa wa ukoo, mutu wa heshima, anakohoa kwanza ndipo aseme. Amekohoa sana leo.

"Mama Déo, tumewaza. Pamba ikiisha, tuganduke."

Kuganduka ni kumaliza kilio. Mama wa marehemu akikubali, siku hiyo ukoo wote unakaa pamoja, nywele za kilio zinanyolewa, na mukubwa anauliza mbele ya watu: nani anamudai marehemu, na nani marehemu anamudai? Kila deni linatajwa, linalipwa au linasamehewa. Halafu mujane anakuwa huru. Kabla ya siku hiyo hakuna ruhusa ya kutaja deni lake, hata la sindano. Wanasema ukilitaja unamusumbua mutu huko aliko.

"Nani amekufa?" nikamuuliza. "Mulimuona?"

"Shemeki..."

"Mulizika mugomba. Basi mumalize kilio cha mugomba, na minye nitaleta chumvi."

Akamuangalia Rénovat. Nikamuangalia na minye. Nilingoja baba wa mutoto aseme neno. Akasafisha miwani yake na kona ya shati, akasema polepole: "Ni vizuri tufunge kitabu."

Sikumupakulia chakula. Alijipakulia mwenyewe, na hakukosa hata jani la sombe.

14 Juni

Onesphore amesimama nje ya ua. Nimemufukuza na ufagio.

20 Juni

Tumeanza kuchuma pamba. Jua kali, mikono inakatwa na maganda makavu. Consolate anachuma safu ya pembeni yangu. Yule binti, bado ni mutoto mwenyewe. Nywele zake za kilio zimekuwa kichaka, uso umebaki macho tu. Kutoka mwisho wa shamba unaona miti ya muto, na nyuma ya miti, upande wa Urundi, moshi wa kwao. Kila nikigeuka namukuta anaangalia huko.

Leo panya ametoka ndani ya gunia akapita ku muguu wa Generose, na Generose aliruka akaita watakatifu wote kwa majina. Consolate akacheka. Akaziba mudomo haraka, akaniangalia. Minye nilikuwa nimekunja uso. Sijui kwa nini niliukunja. Panya yule alichekesha kweli.

21 Juni

Onesphore tena. Amesimama palepale, kofia mkononi. Kila siku ya soko anakuja. Hasemi kitu. Nimemwambia mutu aliyemuacha mwenzake majini asikanyage kivuli cha nyumba yangu. Ameinamisha kichwa, ameenda. Anataka nimusamehe ili alale vizuri. Asilale.

1 Julai, siku ya Mungu

Padri ametangaza ndoa. Consolate ametazama chini muda wote.

8 Julai

Rénovat anachelewa kurudi. Kituo hakifunguliwi siku ya Mungu, na yeye anatoka baada ya misa, anarudi jua likizama. Hanywi pombe. Nimemuuliza, akasema alikuwa anatembea. Mutu wa kalamu, anayekaa ku kiti siku sita, anatembea!

15 Julai

Viatu vyake vina matope. Hakuna mvua tangu mwezi wa tano. Bonde lote ni vumbi, mbwa wanapiga chafya, na bwana yangu anarudi na matope mpaka kwenye soksi.

Generose ameviona vikikaushwa uani. "Mama Déo," akasema, "kuna mwanamuke anayelima mupunga kule chini, mwenye shamba la maji maji. Uliza vizuri." Akacheka. Nilicheka pamoja naye ili asione. Halafu nikaingia ndani nikaketi juu ya gunia la pamba. Nilimuchukia Rénovat leo kuliko siku alipokubali na kaka yake. Mutoto hajapoa moyoni mwangu, na yeye ametafuta pa kujifurahishia.

19 Julai

Onesphore. Ufagio.

24 Julai

Siku mubaya. Mufanyabiashara wa chumvi amevuka kutoka ngambo na habari: mama yake Consolate ameshikwa tena na ule ugonjwa wa kifua, na safari hii hainuki. Anamuita binti yake.

Lakini mwenye kilio havuki maji. Ndivyo wanavyoshika huku. Mpaka waganduke, mujane wa mutu aliyezama hawezi hata kuteka Ruzizi, sembuse kuivuka. Consolate ameanguka magotini mbele yangu.

"Mama, ninakuomba. Kubali waganduke. Nimuone mama tu."

Nikamwambia: "Ukivuka utarudi?"

Akageuza uso upande wa muto. Hajui kusema uongo, na hilo ndilo alilolipendea Déogratias. Wakiganduka ni huru, atakwenda kwao, ataolewa na mwingine, na ndani ya nyumba hii hakutakuwa tena na mutu aliyelala pembeni ya mutoto wangu na kujua alivyokoroma. Na siku Déo akirudi, nitamwambia muke wake yuko wapi?

Nimeandika "akirudi". Nimeisoma tena. Naiacha.

Nikamuinua yule binti, nikamwambia tungoje kidogo, mama yake atapona, ugonjwa wa kifua unakuja na kwenda. Alisema: "Ndiyo, mama." Angenitukana ingekuwa afadhali.

25 Julai

Hajala.

26 Julai

Hajala. Generose amemuletea uji, kisha akaja kwangu jikoni, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Uchungu wa mwana aujua mzazi. Sawa. Na yule aliye ndani, weye unafikiri alianguka kutoka ku muti? Si mwana wa mutu?"

"Toka jikoni mwangu."

"Ninatoka. Lakini weye umemufunga yule kama mbuzi wa sadaka, na hakuna hata sikukuu."

Nimevunja chungu baada ya yeye kutoka. Kilikuwa kizima.

5 Agosti, siku ya Mungu

Agronomo, bwana shamba wa serikali, amepita kusema pamba isiyochumwa wiki hii itachafuka. Tumechuma hata baada ya misa. Rénovat hakuwepo.

12 Agosti, siku ya Mungu

Leo nimemufuata.

Nilisema, kama ni aibu, niione na macho yangu. Alitoka baada ya misa na shati lake jeupe, akapita nyuma ya kituo, akashika njia ya mashamba ya mupunga. Nikajiambia, haya Honorine, ndiyo hiyo. Nilikuwa nimeshika jiwe, Mungu anisamehe. Lakini aliyapita mashamba ya mupunga bila kugeuza kichwa. Akashuka mpaka mutoni, mbali chini ya pale wanapovukia. Akavua kofia, akakunja suruali, akaokota fimbo ndefu iliyokuwa imefichwa ku muti, akaingia ku matete.

Nilisimama nyuma ya kichuguu nikamuangalia. Anapanua matete kwa fimbo, anainama, anaangalia, anasogea. Anapanua tena. Bwana yangu mwenye miwani, anayeogopa hata chura, yuko ndani ya matope ya viboko, anatafuta. Matete yaliyolala mbali nyuma yake yalinionyesha kwamba kila siku ya Mungu alikuwa anafanya hivyo. Akitoka hapa wiki hii, wiki inayokuja anaanzia pale alipoishia.

Jiwe lilianguka lenyewe. Nikashuka. Aliponiona hakushituka. Alisema tu, "Usiingie, kuna mwiba."

"Rénovat. Unataka tumalize kilio, na bado unatafuta?"

"Sababu ya Consolate," akasema. "Mama yake anakufa. Yule mutoto hana kosa, tunamushikilia kwa uchungu wetu."

"Kila siku unasema kitabu kifungwe. Mutoto wako ni gunia?"

Alikaa kwenye nyasi. Alikuwa mzee ghafla, miguu myembamba, matope mpaka magotini. Akanieleza kitu ambacho miaka yote ya ndoa hakuwahi kunieleza, maana sikumuuliza.

"Watu wamelichukua neno langu, lakini wanalisema vibaya. Wanafikiri kufunga ni kusema hakuna tena. Hapana, Honorine. Ku kazi yetu, ukifunga kitabu, kile kinachobaki hukitupi. Unakiandika ku mustari wa kwanza wa kitabu kipya. Unaendelea nacho. Karani anayefunga bila kubeba kilichobaki, huyo ni mwizi."

"Na asiyefunga?"

"Asiyefunga anawazuia wote. Hakuna anayelipwa, hakuna anayerudi nyumbani."

Nililia pale mutoni mpaka sauti ikakauka. Yeye hakulia. Alinishika bega kwa mkono wa matope, akaniharibia kitenge cha misa. Tulirudi pamoja, na Generose alituona tukipita wote wawili na matope, akainama kufagia ua wake uliokuwa umeshafagiliwa.

13 Agosti

Nimemwambia Hatungimana: sawa. Hakukohoa hata mara moja.

15 Agosti, Maria kupalizwa mbinguni

Nimemusuka Consolate? Hapana, nywele za kilio hazisukwi. Nimemuosha tu miguu. Amekula ugali nusu. Mama yake bado yuko, anasema mufanyabiashara wa chumvi, lakini sauti imeisha.

22 Agosti

Gunia la mwisho limepimwa. Tunapika kasiksi. Ndizi zinazonisumbua tangu mwezi wa tatu, sasa ninazikamua mwenyewe.

1 Septemba

Wamekuja wote, mpaka wale wa milima ya Rurambo walioshuka na maziwa. Tulinyolewa. Nilipopitisha mkono kichwani nilisikia baridi, kama si kichwa changu. Consolate alinyolewa pembeni yangu, na uso wake ukatokea, uso wa binti.

Hatungimana alisimama. "Nani anamudai Déogratias?"

Mutu mmoja alisema alimuazima jembe, halikurudi. Tulilileta, lilikuwa nyuma ya nyumba. Mwingine alisema alimukopesha kuku wa kumupikia mukwe wake. Akasamehe, akaongeza kwamba kuku yule alikuwa mgumu hata hivyo, na watu wakacheka. Niliona ni vizuri wacheke. Déo angecheka.

"Na nani Déogratias anamudai?"

Nyuma kabisa, karibu na ua, Onesphore akainuka. Niliangalia ufagio uko wapi.

Alikuja mpaka katikati, akafungua fundo la shuka lake. Faranga mbili zilikuwa ndani, zimekuwa nyeusi.

"Ni minye," akasema. "Sisi watu wa mutumbwi hatupokei malipo mbele ya safari. Mutu analipa akikanyaga ngambo. Baba yangu alinifundisha hivyo, na baba yake. Siku ile maji ilikuwa inatisha. Nikamwambia Déo, leo sitoki. Akasema, muke wangu ananingoja. Nikaona, mutu huyu hana kitu mfukoni, nikimutaka alipe mbele atarudi nyumbani. Nikamwambia hivyo ili arudi. Akalipa."

Akainua faranga ili wote wazione.

"Alilipa kufika ngambo. Sikumufikisha. Nilimushika shati, likabaki mkononi, maji ikamuchukua. Faranga yake sikuila. Kila siku ya soko nimekuja kusimama hapa, nijue kama siku ya kusema imefika. Tangu siku ile sijashika kasia. Nitashikaje, na niko na safari ya mutu mfukoni?"

Alikuwa anakuja kwa ajili hiyo. Na desturi ilimuziba mudomo, na minye nilimupiga na ufagio.

Hatungimana aliniangalia. "Mama wa mutoto, anadaiwa na mutoto wako. Alipe au usamehe?"

Nilisimama. Nikasema: "Faranga siitaki. Déo alinunua safari. Safari ndiyo unayodaiwa, Onesphore, na minye siisamehe. Utailipa. Muke wake anataka kufika ngambo kwa mama yake. Muvushe."

"Mama, naogopa," akasema.

"Na minye naogopa. Utamuvusha."

Akainama mpaka kipaji kikagusa vumbi, akasema ndiyo.

Likabaki neno la mwisho, lile la baba. Baba ndiye anayesema mbele ya wote kwamba kilio kimekwisha. Rénovat alisimama, akavaa miwani, akavua. Tulijua atasema nini, hata watoto walijua, amelisema maisha yake yote. Akafungua mudomo. Neno halikutoka. Akajaribu tena. Halafu sauti ikatoka ambayo sijawahi kuisikia kwake, akaketi chini kama mutoto, akamulilia mutoto wake mbele ya ukoo mzima, na kaka yake akamufunika kichwa na koti.

Hatungimana akasema taratibu: "Tumungoje. Litakuja."

2 Septemba

Nimefua shati lake jeupe.

3 Septemba

Tumemusindikiza Consolate mutoni. Maji yametulia, rangi ya chai. Nimemufungia ndagala ndani ya jani, za mama yake. Aliniaga kwa magoti, nikamuinua nikamwambia: "Ukiolewa, usimukatae mutu kwa sababu yangu. Na ukizaa, niletee nimuone." Alilia begani kwangu. Alinukia moshi wa nyumba yangu, na nilijua kwao watamuogesha na harufu hiyo itaisha.

Onesphore alishika kasia kama mutu anayeshika nyoka. Akaingia. Consolate akaingia, akakaa pale Déo alipokaa. Sikuweza kuangalia, na sikuweza kugeuka. Katikati ya muto mutumbwi ulisukwa upande na maji, nikasikia kucha za Rénovat ku mukono wangu. Ukanyooka. Ukaenda. Ukawa mudogo. Halafu niliona kitenge cha Consolate kikipanda ukingo wa ngambo, na watu wa kwao wakishuka mbio kumupokea.

Onesphore alisimama ndani ya mutumbwi, akaweka mikono mudomoni, akaita kwa nguvu zake zote juu ya maji:

"Amefika! Mama Déo, amefika!"

Nilimungoja Rénovat aseme neno lake. Hakuweza. Aliangalia maji tu.

Basi nikalisema minye: "Kitabu kimefungwa."

Akaniuliza, kama karani anavyomuuliza mwenzake: "Na kilichobaki?"

"Ninacho chote," nikamwambia. "Sikufuta hata kidogo."

Akachukua mukono wangu, tukapanda njia ya mashamba.